Harusi ya Tatu ya Kampuni

Siku ya tisa taa nyekundu ya mashine ilikuwa bado inawaka, na karani Cherotich alikuwa amechoka kuambiwa asubiri kwenye laini.

Mashine yenyewe ilikaa ndani ya kabati la chuma katika ofisi ya ushirika wa maziwa nje kidogo ya Sigor, zawadi ya wafadhili. Diski zake sita zilihifadhi nasaba ya kila ng'ombe wa wanachama kwa miaka kumi na moja: mama yake nani, baba yake fahali gani. Diski moja ilikuwa imekufa. Ikifa ya pili, yote yamekwenda na maji. Nakala ya akiba ilikuwa ikitunzwa na kampuni iliyouza mashine, nayo ililifunga ghala la nakala baada ya harusi ya pili.

Harusi, ndivyo mwenyekiti Kiptum alivyoziita. Kwanza kampuni iliungana na nyingine, wakatuma kofia. Kisha zote mbili zikanunuliwa na kubwa zaidi, wakatuma kalenda. Mwaka huu hiyo kubwa nayo imeungana na jitu fulani la ng'ambo, wametuma barua pepe tu: "Tumekua ili tukuhudumie vyema zaidi." Mara ile ya kwanza Kiptum, mtu wa adabu zake, aliwaandikia barua ya pongezi yenye swali moja. Kwetu koito, kikao cha posa, haimalizwi kabla wazee hawajajua ukoo wa kila upande, na nani ataitwa nyumba ikipata shida. Akauliza: sisi tutamwita nani? Mpaka leo anangoja jibu.

"Madam, hiyo serial number haiko kwa system," alisema Vinny wa huduma kwa wateja, kutoka Nairobi.

"Nimekusomea mara nne."

"Nafikiri mashine yenu ilibaki kwa ile side hatukununua."

"Na hiyo side iko wapi?"

"Ilifungwa, madam."

Cherotich aliiweka simu mezani polepole, kwa kuwa ilikuwa yake. Watu gani hawa, kila siku kumeza wenzao na kusahau walichokula? Hasira ilimpanda mpaka macho yakamwasha.

Mzee Kipkirui alikuwa akingoja dirishani. Mtamba wake alikuwa kwenye joto na daktari wa kupandisha alikuwa njiani. Cherotich akatafuta jina, mashine ikajikokota dakika nzima ndipo ikajibu.

"Baba, usikubali mbegu ya yule fahali Komanda. Huyo ndiye baba wa huyo mtamba wako."

"Na hiyo mashine ikikufa?"

"Mtapandisha kwa kubahatisha."

Mzee alitikisa kichwa akaenda zake bila kuaga.

Mkataba ulikataza mtu wa nje kuigusa mashine. Lakini mkataba na nani? Cherotich akampigia Mageto, fundi aliyeisimika miaka ile, ambaye harusi ya pili ilimfuta kazi na sasa anatengeneza simu Chepilat. Alifika saa nane na nusu na diski mpya iliyoviringishwa ndani ya soksi.

"Waliponifuta walinipa hii na barua ya asante," alisema. "Nilijua iko siku."

Akachomoa iliyokufa, akachomeka nzima. Wakakaa wanakunywa chai na kuhesabu asilimia, mashine ikiijaza diski mpya. Saa kumi na mbili kasorobo taa ikageuka kijani, na Cherotich akafuta machozi kwa kanga ya begani bila kujificha.

Haikupita nusu saa, barua pepe ikaingia. Mfumo wa kampuni ulikuwa umegundua kwamba mashine iliyoko Sigor, Kaunti ya Bomet, imewekwa diski isiyoidhinishwa saa tisa na dakika kumi alasiri, na kwa hivyo mkataba umevunjika. Namba ya mashine iliandikwa kwa ukamilifu. Ilikuwa ile ile aliyomsomea Vinny mara nne.

"Kumbe wanaijua," Mageto alisema.

Cherotich alivuta kiti karibu, akaandika mstari mmoja, akautuma: "Na ile taa nyekundu, siku zote tisa, mlikuwa mkiiona?"