Mshubiri Ulioletwa Stesheni
Mushiya, mzaliwa wa Kolwezi, alikuwa stesheni na wanawe wakingoja treni ya watu wa asili ya Kasai waliofukuzwa Katanga, iende Kasai, asikokujua. Rachelle, aliyehamia nyumba waliyofukuzwa, akamletea chungu cha mshubiri ambao Mushiya aliuacha humo.

“Mama, majani inajikunja. Na kila siku naimwangia maji.”

Mushiya aliung'oa mmea. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka.

“Umeiozesha! Mizizi ikioza hainywi tena, ndiyo maana majani inajikunja. Mulitufukuza mu nyumba yetu, na dawa unakuja kuniuliza mie?”

Hata hivyo aliikata mizizi iliyooza, akaufunga mmea kitambaani ukauke kabla ya kupandwa upya kwenye mchanga mkavu.

Rachelle akanyoosha mkono.

“Hapana!” Mushiya alisema, akiutia kikapuni. “Nyumba mulikamata. Hii naenda nayo.”