Maji ya Mwanaasha

Kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Bi Mwatum alichota maji kisimani, akachuma mrehani uani kwake, akateremka pwani kwenye kaburi la mwanawe. Mwanaasha alikufa kwa homa kabla meno yake ya utoto hayajaisha kung'oka. Mamake alilimwagia kaburi kwa kata ya kifuu, taratibu, toka kichwani hadi miguuni, vile vile alivyokuwa akimkogesha alipokuwa hai. Kisha akauchomeka mrehani, akasoma Yasini na kurudi kupika.

Karafuu ilipoanguka bei, wakubwa walisema kisiwa sasa kitaponea kwa wageni. Hoteli ikajengwa kaskazini ya kijiji cha Vitongoji, palepale penye makaburi. Wazee wa kijiji hawakuwa wajinga. Waliitaka hoteli iahidi mbele ya watu kwamba halitafukuliwa kaburi hata moja, na hoteli ikaahidi. Habari ya njia hawakuiuliza. Njia ya kwendea makaburini haiombwi, kama isivyoombwa njia ya kwendea msikitini, na haikumpitia mtu akilini kwamba yaweza kufungwa.

Hoteli ilitimiza ahadi yake. Haikufukua kitu. Ilimwaga mchanga mweupe juu ya makaburi, ikapanga vitanda vya kuotea jua, ikazungusha ukuta na kuweka lango. Langoni aliajiriwa Kificho, mtoto wa dada mdogo wa Bi Mwatum, kijana mpole aliyeogopa kurudi kwenye kazi ya kuchuma karafuu za watu. Alhamisi ya kwanza Kificho alimwambia mamake mkubwa kwamba anayeingia ni mwenye utepe wa hoteli mkononi. Bi Mwatum alimtazama, akaitazama kata yake, akarudi nyumbani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Pale mgeni alikuja, na mwenyeji akabaki nje ya ukuta.

Maiti walivumilia mwaka mzima. Kilichowashinda ni muziki wa hoteli. Siku moja asubuhi waliondoka chini ya vitanda, wazee mbele na watoto nyuma, wakaingia baharini na kuhamia mwambani, pale ambapo wageni walipelekwa kupiga mbizi. Mgeni mmoja aliyekuwa akinywa kahawa ufukweni aliinua miguu kuwapisha.

Ame, jirani yake Bi Mwatum, ndiye aliyekuwa akiwateremsha wageni na mitungi ya hewa. Aliwakuta wamekaa juu ya mawe kwa safu, kila mmoja na watu wake, samaki wakipita katikati. Aliwatambua wote. Aliwaamkia kwa mkono, kwa sababu alikuwa na mpira wa kupumulia mdomoni, na wao wakamwitikia kwa sauti, maana maiti husema chini ya maji bila taabu. Wageni walipiga picha. Jioni hoteli ilibandika tangazo: tafadhali msiguse matumbawe wala marehemu.

Aliporudi kijijini Ame alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwatum.

"Bi Mwatum, ntoto wako yuwakuuliza mbona huji."

"Ati yu hali gani?"

"Ana kiu. Midomo imempasuka. Yuwasema maji ya huko yote ya chumvi, yeye ataka yale ya kata."

Bi Mwatum alilia pale pale kizingitini, bila kujificha uso. Mtoto wake alikuwa na kiu, na kisima kilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Halafu alijifuta, akajaza maji kwenye chupa, akampa Ame na shada la mrehani.

Mrehani ulifika salama, na Mwanaasha aliunusa. Lakini Ame alipoifungua chupa, maji yalipotea baharini kama chumvi kwenye uji. Mtoto alingoja, kisha akasema, "Haya si yale."

Bi Mwatum alikwenda kwa Bi Moza, mwosha maiti wa kijiji, ambaye mambo hayo yalikuwa kazi yake.

"Maji ya alo hai huchanganyika na bahari," alisema Bi Moza, akiendelea kuparua muhogo. "Ya maiti hayachanganyiki. Hilo lajulikana."

"Basi nikifa nitilie kata yangu kaburini."

"N'takutilia."

Siku hizo wageni walipelekwa pia matembezi ya miguu, kupitia mashamba ya mikarafuu mpaka kisimani. Hakuna aliyewauliza utepe. Walinawa nyuso kwa maji ya kisima, wakasema ni matamu, na Bi Mwatum akawashikia ndoo, kwa kuwa hakulelewa kumnyima mtu maji.

Masika yalipofika homa ilimchukua naye. Alizikwa kwenye makaburi mapya waliyopewa wanakijiji, juu kando ya barabara, katikati ya mashamba ya muhogo. Bi Moza alimtilia kata yake, akaifukia.

Alhamisi iliyofuata, baada ya alasiri, Bi Mwatum alitoka. Alikuwa amejitanda sanda yake vizuri kichwani na ameshika kata iliyojaa maji pomoni. Aliteremka barabarani kwa mwendo wake wa kawaida, watu wakimpisha na kumsalimu, na hakumwaga hata tone. Langoni alisimama mbele ya Kificho.

"Shikamoo mama mkubwa," alisema Kificho.

"Marahaba mwanangu. Nifungulie, nampelekea Mwanaasha."

Kificho alikuwa amemzika kwa mikono yake. Alichukua simu ya upepo akamwita meneja. Meneja aliuliza kama huyo mtu ni mgeni wa hoteli. Kificho akasema hapana, ni mwenyeji. Basi haingii, alisema meneja. Kisha akauliza ameshika nini, na alipoambiwa ni maji, alimkumbusha Kificho kibao kilichopo langoni: hairuhusiwi kuingia na kinywaji kutoka nje.

Kificho alimletea kiti chake mwenyewe, na tangu siku hiyo yeye husimama. Bi Mwatum yuko pale mpaka leo, kata mapajani. Maji hayapungui. Wageni wakitoka kwenda matembezini humwambia "Jambo!", naye huwaitikia.

Chini mwambani Mwanaasha aliambiwa na maiti wenziwe kwamba mamake amekufa, akafurahi. Amesogea kwenye ncha ya jiwe lake na kuacha nafasi ya mtu mmoja. Kila Ame anapoteremka na wageni, mtoto humwuliza, "Kafika?"

Ame, mpira mdomoni, huinua kiganja, ishara wanayopeana wazamiaji ya kusema subiri.