Fimbo ya Ijumaa

"Mimi sichapi mtoto kwa sababu ameuliza swali," Mwalimu Ndila alisema, kikombe cha chai mkononi, walimu wenzake wote wakisikia.

Swali lilikuwa la Watiri, msichana wa darasa la sita mwenye mdomo mwepesi. Alimwuliza Hedimasta Wahome kwa nini wanaochelewa kwa kupeleka maziwa ya wazazi wanapigishwa magoti kwenye kokoto, ilhali maziwa ya hedimasta yanapelekwa na wanafunzi saa za masomo. Darasa likaangua kicheko.

"Hiyo darasa yako imekuwa soko," Wahome alimwambia Ndila. "Ijumaa kwa paredi utamchapa Watiri, shule yote ione. Ukikataa, urudi kwenu Kitui. Hata cheti ya ualimu hauna."

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa mwalimu wa muda, muhula wake wa kwanza hapa Tetu, na mshahara huo ndio uliosomesha wadogo zake. Lakini soko? Kelele zikizidi, Ndila aliketi kimya akawatazama mpaka aibu iwashike, kisha akamwita mpiga kelele mkubwa aje afundishe ubaoni. Mara nyingi alikuwa Watiri, na alifundisha vizuri kuliko baadhi ya watu wazima wa shule ile.

Kilichomsumbua ni kwamba Mwalimu Theuri, ambaye hakuachana na fimbo yake hata akienda chooni, wakati wa amri hiyo alikuwa ametazama dirishani tu.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na ukungu, shule yote imejipanga uwanjani. Wahome alimkabidhi Ndila fimbo, kisha akamgeukia Watiri, sauti ikalainika ghafla.

"Maitu, lala chini."

Neno lilikuwa la Kikuyu, lakini kwa Kikamba cha kwao ni mwaitu, kwa hiyo Ndila hakuhitaji mkalimani. Alimnong'oneza Theuri aliyesimama kando yake, "Mbona anamwita mama?"

"Ni mtoto ya dada yake. Ako na jina ya mama yao, kwa hivyo kwetu huyo ndiye mama yake. Hawezi kumchapa. Na sisi hapa, nani atachapa mama ya hedimasta? Tulikataa wote."

Kumbe walikuwa wametafuta mkono wa mgeni. Ndila alitembea mpaka mbele ya Wahome akamrudishia fimbo.

"Mzee, mama ni wako. Kama anastahili kuchapwa, mchape wewe. Kitui naijua njia."

Wahome aliishika ile fimbo, akamtazama mtoto, naye mtoto akamtazama bila kupepesa. Mwishowe akaiegemeza kwenye mlingoti wa bendera.

"Rudini darasani," alisema. "Mwalimu Ndila, kipindi ya kwanza ni yako."

Watiri hakusogea.

"Na maziwa yako, mjomba, leo itapelekwa na nani?"

Macho yote yakamgeukia Ndila, amnyamazishe mwanafunzi wake. Ndila akakunja mikono, akangoja jibu pamoja naye.