Msiangalie Maua ya Chuo

Wamama wenzangu wa Bwera, mwenye mtoto aliyemaliza sekondari na anatafuta chuo, soma hapa kabla hujalipa. Mimi niliishia la sita, na kidogo nimpoteze binti yangu Chérie kwa sababu ya maua.

Chérie anataka kuwa nesi. Tangu mdogo alikuwa anafunga mbuzi bandeji. Basi tukasikia kuna chuo Kasese mjini, jina silitaji, kinapokea wanafunzi, na mwisho ni Ijumaa. Nikafanya kama tunavyofanya mtu akija kuposa: nikamtuma wifi yangu Feresita akaione nyumba. Kazi hiyo anaijua. Akifika kwa watu anaangalia choo kwanza, halafu jiko.

Alirudi anacheka. "Wifi, choo kinang'aa! Maua mpaka kwa geti! Na mukubwa wao amenipa soda."

"Basi mutoto ameolewa," nikasema. Tukagonganisha mikono.

Chérie alikuwa anachagua maharage. Akainua kichwa. "Shangazi, mutu akiposa, si munauliza pia wanawake walioolewa mbele mu ile nyumba, beko namna gani, wanaishi vizuri? Sasa waliomaliza pale beko wapi?"

"Huyu naye! Niulize hayo yote na soda iko mukononi?"

Nilikasirika, nasema ukweli. Niliogopa mtoto wa mwingine achukue nafasi. Nikamwambia kesho tunaenda kulipa.

"Mama, nipe hiyo kesho moja tu."

Asubuhi akapanda boda mpaka hospitali ya misheni, Kisinga. Hakuwa mgonjwa. Alikaa nje kwenye benchi, akawa anamsalimia kila nesi aliyetoka zamu na kumuuliza alisomea wapi na kazi aliipataje. Wengine walipita bila kugeuka. Hakuondoka. Mimi ningeona haya, ningerudi nyumbani. Mwishowe nesi mmoja, Yudesi, akakaa naye, akamfundisha kutafuta kwa simu vyuo ambavyo baraza la manesi linavitambua. Chuo chetu cha maua hakikuwemo.

Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Nikabisha: labda wamesahau kukiandika. Hakugombana na mimi. Akapiga simu chuoni, akafungua sauti tusikie wote.

"Shikamoo mzee. Wanafunzi wenu waliomaliza wanafanya kazi hospitali gani?"

"Nyingi. Nyingi sana."

"Nitajie mmoja tu, nimpigie."

"Binti, unataka kusoma ao unataka kutuchunguza?"

"Yote mawili, mzee."

Mzee akakata simu. Feresita akaangalia chini.

Wamama, mtoto akiuliza msimnyamazishe kama nilivyotaka mimi. Mwacheni aende pale kazi yenyewe inapofanyika, awaulize waliomaliza. Aulize baraza. Apige simu. Na kwenye maombi aandike namba yake mwenyewe, si ya jirani, wala ya yule anayemjazia kwa kompyuta, maana wakimwita atajuaje?

Chérie alituma maombi katika vyuo viwili ambavyo manesi walimsifia. Kimoja, upande wa Kilembe, kimemwita wiki ijayo kwa mahojiano. Nafasi bado hajapata. Nitamsindikiza. Amekubali, ila ameniambia nikifika nikae nje, maswali atawauliza yeye.