Mama Quincy Hakosolewi

Mimi nina mdomo. Sikatai. Mama yangu husema niliurithi kwa nyanya yetu wa Waithaka, aliyewahi kumkosoa mhubiri akiwa bado mimbarini. Kwa hiyo mwenzangu akiandika upuzi ubaoni, namwambia ni upuzi, tunaendelea. Hisabati haitaki kubembelezana. Oduor, ninayesoma naye chuoni, amenizoea. Nikimwambia, "Hapo umetuhadaa," anafuta kwa mkono wa shati na kuanza upya.

Lakini kwa Mama Quincy nilishindwa.

Alikuja chuoni akiwa na miaka hamsini na ushee, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, na siku ya kwanza darasa zima tulisimama tukidhani ndiye mhadhiri. Akatuambia tukae, hata yeye anatafuta kiti. Ni fundi wa nguo huko Kangemi. Aliwasomesha watoto wake wote, na wa mwisho, Quincy, alipopata kazi, mama akasema sasa ni zamu yake. Tena atasoma hesabu, kitu alichokipenda tangu shule ya msingi. Si ualimu, si biashara. Hesabu tupu. Nampenda yule mama, jamani.

Sasa tuko mwaka wa pili na anaanguka. Katika somo la Daktari Nthiwa, lile la kuthibitisha, jaribio la kwanza alipata nne kwa thelathini. La pili ni Ijumaa, na alituambia mimi na Oduor kwamba akianguka tena anaacha chuo, anarudi kwa cherehani yake kimya kimya. "Nisiwapotezee watoto wa watu wakati," alisema, akicheka kile kicheko cha kufunika mambo.

Cha kuudhi ni kwamba tulijua shida iko wapi. Kila akithibitisha jambo, anaanza na jambo lile lile analotakiwa kulithibitisha. Ni sawa na kumshtaki jirani kwa wizi, halafu ushahidi wako uwe kwamba jirani ni mwizi. Amefanya hivyo tangu mwaka jana. Na sisi, akimaliza akitugeukia, tunasema nini? "Iko sawa, mathe." "Umejaribu, mathe." Oduor mpaka anapiga makofi. Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu ukimkosoa mtu mzima unaulizwa, "Kwani mimi ni rika yako?"

Jumatano mchana tulipata darasa tupu, mama akashika chaki. Aliandika polepole, herufi zimenyooka. Mstari wa kwanza tu, nikaliona kosa. Oduor naye akaliona, akainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havina kamba.

Mama Quincy akamaliza, akapangusa mikono. "Haya, walimu wangu. Niambieni."

"Iko sawa, mathe," Oduor akaiambia sakafu.

Nikamtazama mama usoni. Hakufurahi. Alisimama kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayosikia watu ndani na hafunguliwi. Nikahisi uchungu, nikahisi na hasira, na kwangu mimi hasira ndiyo hutangulia.

"Si sawa," nikasema, kwa ukali zaidi ya nilivyotaka. "Umekosea, mama. Mstari wa kwanza. Hicho ulichoandika hapo ndicho unachotafuta. Huwezi kukitumia kabla hujakipata. Kila siku unafanya hivyo, na kila siku tunakudanganya."

Oduor akanikanyaga mguu. Mama Quincy akavua miwani, na machozi yakamtoka. Nikatamani ardhi inimeze. Nikaanza kubabaika, samahani mama, ni huu mdomo wangu.

"Waceke, hebu nyamaza," akasema, lakini kwa upole. Akaketi kwenye dawati la mbele. "Baba Quincy ndiye alikuwa ananiambia hivyo. 'Philister,' ananiita, 'hapa umekosea.' Tunabishana mpaka chakula kinapoa. Tangu nimzike, watu wananipisha kwenye kiti, wananipa pole, wananiambia iko sawa. Hakuna mtu amenikosoa tena. Nikajua basi, hakuna mtu ananisikiza."

Nilikwenda nikaketi karibu naye, bega kwa bega, akaniwekea mkono wake wenye chaki juu ya wangu.

Baadaye akavaa miwani. "Ijumaa naweza kuanguka," akasema. "Niangukie huko huko basi, lakini siendi popote. Nionyesheni tena."

Akainuka, akafuta ubao wote kwa kiganja, akaandika mstari mwingine. Huo nao haukuwa sawa, na safari hii ni Oduor aliyemwambia.