Sahihi ya Kipa

Tangu kaka yake azikwe, Kobe alifanya kila kazi vizuri kuliko zamani. Alifagia hadi mvunguni, akakunja shuka pembe kwa pembe, na chozi halikumtoka. Jina la Kobe msichana huyu alipewa na huyo huyo kaka, kwa kuwa hakuwa na haraka na jambo lolote. Kaka naye alidaka mipira ya timu ya mtaa, na watu wote walimwita Kipa, hata mama yao mzazi.

Kipa aliacha glavu na boksi la viatu lililojaa kadi za wachezaji, zile za kwenye pakiti, hujui umepata nani mpaka uchane. Kaburini kwake kilisimama kibao cha mbao, na mvua ilishaanza kulilamba jina. Mama alitaka jiwe. Baba mdogo akasema jiwe limo ndani ya boksi.

"Nimeona kwenye simu, mwanangu. Kadi moja inauzwa bei ya nyumba!"

"Inauzwa au imeuzwa, baba mdogo?"

"Si yale yale?"

Hayakuwa yale yale. Kobe alilijua hilo akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha Kipa, kidole kikipandisha na kushusha kurasa za simu. Kila mtu mtandaoni alikuwa na kadi ya bei ya nyumba, nayo ilikaa hapo mwaka mzima bila hata wa kuijulia hali. Akabonyeza palipoandikwa "zilizokwisha kuuzwa", na zile nyumba zote zikabomoka. Akaanza kuzilaza kadi dirishani, moja moja, mwanga uzipige kwa ubavu: pembe zilizochakaa, mikwaruzo, kingo zilizotafunwa na vidole. Nyingi hazikufikia hata bei ya pakiti zilimotoka. Alizitenga kama anayechambua mchele, bila furaha, bila hasira.

Ikabaki moja. Golikipa wa ng'ambo, kadi ya mwaka wake wa kwanza, inayometameta. Za aina hiyo zilikuwa zimeuzwa kweli, tena kwa bei ya jiwe. Kobe akaipiga picha, akamtumia mnunuzi aliyesifiwa na wengi, aliyejiita Mzee wa Kadi.

Jibu likaja: "Kadi nzuri. Hiyo sahihi ya wino ni ya mchezaji mwenyewe?"

Kobe akaitazama. Alikuwa ameizoea mpaka haioni tena. Neno Kipa, herufi zimebebana, mkia mrefu uliopinda, na namba moja pembeni. Kaka yake aliitia utotoni, akijizoeza kwa siku ambayo watu wangempangia foleni.

"Hapana," akaandika. "Ni ya kaka yangu."

"Pole dada. Ya mchezaji ingepandisha bei, ya mtu baki inaiua. Ila chukua pamba na spiriti, futa taratibu, wino utatoka. Itapauka kidogo, lakini nitainunua."

Mtu baki. Kobe alingoja neno limchome. Halikumchoma.

Akamfuata mama jikoni. "Mama, ili jina lake likae kwenye jiwe, inabidi litoke hapa."

Mama aliishika kadi kwa ncha za vidole. "Mtoto huyu! Nilimchapa kwa kuchorachora hadi milango." Akacheka, kicheko kikaishia njiani. "Kibao kimebaki nusu jina. Fanya utakavyoona, mwanangu, mimi siwezi kutazama."

Kobe alianzia mkiani. Pamba ikageuka bluu. Akachukua nyingine, akafuta namba, kisha herufi, polepole kama jina lake, mpaka yule golikipa akabaki peke yake, akimchekea mtu asiyekuwepo. Akapiga picha upya na kuandika chini yake ukweli: ilikuwa na wino, imefutwa, imepauka juu. Mzee wa Kadi akapunguza bei, lakini akalipa. Likapatikana jiwe dogo.

Kwa fundi mawe kila kitu kilikuwa cheupe kwa vumbi, hata kope zake.

"Niandikie jina hapa, dada."

Kobe akaishika kalamu. Mkono ukakataa. Akaitoa simu na kutafuta ile picha ya kwanza, ya kabla ya spiriti.

"Kama hivi."

Fundi akaikuza kwa vidole viwili. "Lahaula! Marehemu alikuwa daktari nini? Mbona hayasomeki?"

"Alikuwa golikipa."

"Na hii moja?"

"Namba yake. Iweke."

"Watu watashindwa kusoma, shauri yako."

"Mama atasoma."

Fundi akainama na chaki, akalichora neno juu ya jiwe, akafika mwisho na kuinuka.

"Mkia ni mrefu zaidi," Kobe akasema.

Fundi akafuta kwa kiganja, akauvuta upya.

"Bado."

Akauvuta tena, na kidole cha Kobe, bila mwenyewe kujua, kilikuwa kikimfuata kwenye vumbi la meza.