Mfuko wa Waya

Kila Alhamisi nguo nyeupe za nesi zilirudi nyumbani zikiwa na mstari mweusi ubavuni, na jambo hilo lilimkera mama yake kupita kiasi. Mama huyu alikuwa mjane wa miaka sitini na minne. Zamani madereva wa malori walimpachika jina la Bi Turubai, jina likamganda, hata majirani wakasahau lile alilopewa na wazazi wake.

"Hospitali gani hiyo inayochafua watu namna hii?" aliuliza huku akisugua.

"Si hospitali, mama. Ni waya wa kuchajia gari. Mzito kama nini, unalala kwenye matope, na mimi nauzoa nikiwa nimeshavaa nguo za kazi."

Gari hilo la umeme alikuwa amelinunua mwaka huo kwa daktari mmoja aliyehama. Mama yake alilisifu kwa utulivu wake, lakini habari ya matope aliichukua kama tusi. Jumamosi akajitanda mtandio, akaingia garini na mwanawe, akaenda kujionea.

Kituo kilikuwa uwanja mdogo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Palikuwa na nguzo mbili za kuchajia, moja mbovu, imevikwa gunia kichwani. Hapakuwa na kivuli wala benchi. Kila mwenye gari alikuja na waya wake ndani ya buti, na kila mmoja alikuwa na lake moyoni. Mwalimu mmoja alikuwa ameuviringisha wa kwake kwenye shuka kuukuu, na bado ulikuwa umelowesha madaftari ya darasa zima. Mwashi mmoja alikuwa akipuliza mchanga kwenye plagi, mashavu yamemjaa.

"Wameunda gari la kisasa," alisema mwashi, "halafu waya wake wakatuachia tuubebe kama kamba ya ng'ombe!"

Watu wakacheka. Bi Turubai hakucheka. Alikuwa ameegemea mlango wa gari, na masikio yake yalikuwa mbali, miaka thelathini nyuma, ndani ya karakana ya mumewe.

Hivyo hivyo ndivyo walivyokuwa wakilalamika madereva wa malori. Walikaa juu ya marobota ya turubai, wanakunywa chai, wanalaani mvua iliyopenya, pindo lililochanika, kamba iliyokatika njiani. Mumewe hakuwahi kuwakatiza. Alisimama mbele ya meza yake ndefu ya kukatia, chaki nyuma ya sikio, anasikiliza, na mtu akimaliza kulalamika yeye alikuwa ameshachora. Bi Turubai alishona kwa cherehani kubwa ya kukanyaga. Wifi yake, dada wa fundi, aliketi mlangoni penye mwanga, akimalizia kwa mkono: pembe, vitako vya ndoo za turubai, matundu ya kamba. Karakana nzima ilinukia nta ya uzi. Siku zilikwenda mbio wakati ule, wala hakuna aliyezihesabu.

Kisha yakaja maturubai ya plastiki, yanauzwa tayari madukani. Madereva wakapungua mmoja mmoja. Fundi naye akaugua, akafa.

"Mama, umechoka?" nesi aliuliza.

"Hapana. Huo waya una urefu gani?"

Jioni ile ile aliifunua ile cherehani ya karakana, ambayo sasa ilikaa chumbani kwake, akaitia mafuta. Katikati ya wiki mfuko ulikuwa tayari: turubai nene, umbo la ndoo, kamba ya kubana mdomo, na kijimfuko cha pembeni cha kuhifadhi plagi isiingie mchanga. Nesi akaondoka nao akitabasamu.

Wiki iliyofuata tabasamu lilikuwa jingine.

"Ni mzuri, mama. Kweli kabisa."

"Usinipake mafuta. Ulete hapa."

Alipoufungua, harufu ya uvundo ilimpiga usoni. Maji ya waya yalikuwa yametuama chini na ukungu umeanza kuota. Akafumua kitako, akakishona upya. Kikatuamisha tena. Akafumua mara ya pili, kisha akaweka sindano chini. Katika miaka yote ya karakana hakuwahi kushona kitako hata kimoja. Hiyo ilikuwa kazi ya wifi yake.

Yeye na wifi huyo walikuwa wakisalimiana tu harusini na misibani, mwaka wa sita sasa.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye ile meza. Baada ya mazishi, wifi alisafiri kwenda kumtazama binti yake aliyejifungua. Huku nyuma Bi Turubai akawa hawezi kuingia karakanani. Kila akitazama meza alimwona mumewe ameiinamia. Siku moja akamwita seremala, akampa meza aipasue mbao. Wifi aliporudi alikuta chumba kitupu. Akasimama mlangoni, mahali pake pa siku zote, akasema, "Kaka yangu umemzika mara mbili," akaondoka zake.

Bi Turubai alikwenda kwake Jumanne asubuhi, mfuko kwapani. Wifi alifungua mlango, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Leo jua limetokea wapi? Au kuna msiba sijaambiwa?"

"Hakuna msiba, wifi. Nina mfuko unanuka."

"Umeleta uvundo wako mpaka kwangu! Haya, pita, usinijazie nzi mlangoni."

Wifi aliuchukua mfuko, akaupeleka dirishani. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono, polepole, kama mtu anayesoma barua. Kisha akaguna.

"Nani kashona kitako hiki?"

"Mimi."

"Nilijua. Umekishona kama mto wa kulalia. Maji yatoke wapi, maskini? Kitako kinapandishwa katikati, kinakuwa kama kisahani kilichopinduliwa, maji yanakimbilia pembeni. Huko ndiko unakoweka matundu." Akaugeuza mfuko. "Kaka alinionyesha kwa ndoo za turubai za wajenzi. Wewe ulikuwa na mimba ya huyu nesi, ulikuwa unalala mchana kutwa."

"Nilikuwa nimevimba miguu!"

"Ulikuwa mvivu."

Wakacheka wote wawili, wakashtuka kujikuta wanacheka. Bi Turubai akaona afadhali aseme sasa, kabla ujasiri haujamtoka.

"Wifi, ile meza. Nilipaswa kukungoja. Ilikuwa yako kama ilivyokuwa yangu. Nilishindwa kuiangalia, nikasahau kwamba na wewe umefiwa. Nisamehe."

Wifi hakugeuka kutoka dirishani. Alipapasa tena ule mshono wa mfuko.

"Mimi nilikuwa nataka kuiona mara moja tu," alisema hatimaye. "Kulikuwa na alama za mkasi wake pale ukingoni. Basi." Akajifuta macho kwa kiganja. "Uzi wa nta unao, au umeugawa nao?"

"Upo. Bunda zima."

"Nisubiri nivae viatu."

Walifanya kazi sakafuni, miguu wameinyoosha, mpaka kiuno kikawakataa. Mfuko wa pili haukutuamisha hata tone. Nesi aliupeleka kituoni, na kabla hajachomoa waya mwalimu alikuwa ameshauliza umetoka wapi. Mwashi akaagiza wake, akataka na wa shemeji yake. Mwezi haujaisha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi akawapa msumari ukutani wa kutundikia mifuko.

Jumamosi sasa huenda wote wawili kituoni, wamebeba viti vyao vya kukunja. Wenye magari husogea karibu na kumwaga ya moyoni. Mmoja anasema mvua inamnyeshea akichomeka. Mwingine anasema saa nzima anasimama juani kama mlinzi. Wifi, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, anatikisa kichwa kwa uchungu kana kwamba gari ni lake.

"Huyu wa mvua," alinong'ona Jumamosi iliyopita, "si tumshonee kijipaa cha kufunika tundu la kuchomekea? Kaka angekuwa ameshachora."

"Angekuwa ameshakata," alisema Bi Turubai.

Akatoa chaki mkobani, akampa wifi yake, na wifi akainama akaanza kuchora pale pale, kwenye saruji.